Doa Kwenye Bega la Shati

Shati lilikuwa limekunjwa vizuri, kola juu, na Mukankuranga alikuwa ameliweka mapajani na kulifunika kwa viganja vyote viwili. Inspekta Ketsia Wilondja aliingia, akasalimu, akapewa kiti, akakaa. Mama wa watu hakuinua macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ule ule aliokalia tangu siku ya mazishi, na nyumba nzima ilikuwa imefungwa mizigo: magunia yameshonwa midomo, sufuria zimepitishwa kamba, magodoro yameviringishwa. Mkeka peke yake ndio ulikuwa haujaguswa.

"Mama Élisée," Ketsia alisema, "baliniambia unaniita."

"Umwiza, mupatie."

Umwiza, binti yake, alilichomoa shati taratibu kutoka chini ya viganja vile, akalikunjua mbele ya dirisha. Shati jeupe, la kanisani. Kwenye bega la kushoto palikuwa na doa refu la kahawia iliyokolea, karibu nyeusi.

"Ni ya bwana yangu, Placide," Umwiza alisema. "Yeye ni mumoja wa bale balibeba sanduku ya kaka yangu. Tulipotoka ku makaburi ile alama ilikuwa maji tu, haikukuwa na rangi. Kesho yake ikakuwa hivi. Nilitaka kufula, mama akakatala."

"Akakatala juu ya nini?"

"Anasema ni damu ya Élisée."

Hapo ndipo Mukankuranga alipoinua uso. Hakukuwa na machozi. Ketsia aliwahi kukaa mbele ya mama wengi waliofiwa, na wale wa machozi hawakumtisha. Hawa wa macho makavu ndio aliowaogopa.

"Kesho asubui boti inaenda Kalemie," mama alisema. "Bwana yangu Sebineza, batoto, bajukuu, bote banaenda. Huku tumechoka. Sasa we uko polisi, uniambie kitu kimoja tu. Kama hii ni damu ya mutoto wangu, mi sitoki Baraka. Siwezi kumuacha peke yake mu udongo ya bengine. Kama si damu yake, nitapanda boti."

"Mama, kamati haikukuambia?"

"Kamati ilinipatia sementi ya kaburi."

Habari ya Élisée, mji mzima wa Baraka uliijua. Familia ilishuka kutoka milimani pamoja na wengine, baada ya ng'ombe kwisha na nyumba kuchomwa, ikapanga hapa karibu na ziwa. Kijana alikuwa na kichwa cha masomo. Akapata nafasi ya kusoma Urusi, watu wakacheza, wakapika, wakamsindikiza. Kumbe huko alivalishwa nguo za jeshi akapelekwa kupigana Ukraine, kwenye vita ambayo hapa kwetu ilikuwa ya redioni tu, katikati ya tangazo la sabuni na habari za mpira. Rafiki yake akatuma sauti kwenye simu: Élisée ameanguka. Basi, ikawa kimya. Wakubwa wakaunda Kamati ya Familia za Ng'ambo, wakaipa biro, yaani ofisi, na muhuri, na baada ya miezi ya njoo kesho njoo kesho, sanduku likashuka kwenye boti, limepigiliwa misumari, limefunikwa bendera, na amri juu yake: lisifunguliwe. Hotuba zikatolewa. Picha zikapigwa, hizo hazikukosekana.

Ketsia alilikunja shati upya. "Nikopeshe. Nitarudisha."

Mukankuranga alilitazama likiondoka mlangoni. Viganja vyake vilibaki pale pale mapajani, vimefunika kitu ambacho hakikuwepo tena.

Kituoni Ketsia aliweka juu ya meza chupa ya dawa ya vidonda aliyoinunua kwenye famasi, ile inayotoa povu ikigusa damu. Kwanza alijichoma kidole kwa pini, akapaka kitambaa, akangoja kikauke. Akadondosha dawa. Povu likapanda, jeupe, zuri tu. Kisha akadondosha kwenye bega la shati. Akangoja. Akadondosha tena, karibu na kola, kisha kwenye ncha ya chini ya doa. Dawa ilitulia pale juu, ikakauka yenyewe.

Si damu. Na Umwiza alikuwa amesema jambo ambalo Ketsia alilipita haraka: mwanzoni lilikuwa maji, rangi ilikuja kesho yake. Damu haifanyi hivyo. Damu huanza na rangi.

Sasa nini? Mafuta ya bunduki? Vanishi? Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kipolisi kabisa: sanduku lililopigwa misumari, lisilofunguliwa na mtu, linalopita bandarini chini ya bendera bila kukaguliwa. Ndani ya sanduku kama lile unapitisha chochote unachotaka, dhahabu, risasi, chagua mwenyewe. Akampigia simu mkuu wake, Kamanda Néhémie.

"Nataka kaburi lifunguliwe."

"Kaburi la nani?"

Akamwambia. Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu.

"We Ketsia, uko na akili? Ruhusa ya kufukua inatoka parke ya Uvira, kwa mwendesha mashtaka, na barabara unaijua iko namna gani. Halafu wakubwa walisimama pale, banapiga saluti. Ile vita si yetu. Vita yetu wenyewe imetushinda. Ile familia ilipata bendera, ikapata hotuba, ikapata kaburi. Inataka nini tena?"

"Inataka kujua iko inalilia nini."

"Andika kama umeuliza, ukakosa jibu. Kwisha."

Akakata. Ketsia hakukasirika. Zamani angekasirika; siku hizi maneno ya namna hiyo yalimpita tu, na wakati mwingine hilo lenyewe lilimtia hofu. Aliweka shati kwenye mfuko, akatoka.

Biro ya kamati ilikuwa chumba kimoja chenye rangi mpya ya kijani. Isidore, msimamizi wake, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akauliza habari za nyumbani. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mazishi. Hata Placide alionekana, shati jeupe, sanduku begani.

"Sanduku lilitoka wapi, Baba Isidore?"

"Ng'ambo. Kwa ndege mpaka Bujumbura. Halafu ziwani, kwa boti ya Eddy."

"Bujumbura nani alilipokea?"

"Kamati."

"Kamati ni nani na nani?"

Isidore alitabasamu kidogo. "Kamati ni mimi."

"Ulimuona Élisée?"

"Lilikuwa limefungwa. Huko banakataza kufungua. Ni sababu ya afya."

"Uzito wake?"

"Wa muntu."

Alijibu haraka mno. Ketsia alitoa shati mfukoni, akalikunjua juu ya meza, bega juu. Isidore aliliona, na macho yake yakakimbilia kwenye picha ya ukutani, kwenye bega lile lile, kisha yakarudi. Hakuuliza ni nini. Mtu asiyejua angeuliza.

"Mama Élisée anafikiri ni damu ya mutoto wake," Ketsia akasema. "Analala nayo."

Isidore alikaa. "Yule mama alikuwa anakuja hapa kila asubui," alisema mwishoni. "Kila asubui, Inspekta. Pale mlangoni. Haombi kitu. Anakaa tu."

"Na sasa?"

"Sasa haji tena."

Ufukweni jua lilikuwa kali na wanawake walikuwa wakipakia ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye boti ya Eddy, magunia kwa magunia, wakimtania mwenyewe kwamba amenenepa kuliko injini yake. Eddy, mwenye boti, alikuwa mtu wa kucheka. Alipomwona Ketsia alicheka bado, ila kidogo.

"Maman Inspekta! Unasafiri?"

"Ninauliza. Ile siku ulileta sanduku ya Élisée, ulipakia wapi?"

"Bujumbura."

"Ulikuwa na basafiri?"

"Ndiyo, wengi."

"Na balikubali kupanda na lufu, na maiti?"

Eddy akajikuna shingo. Ketsia akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akipanga magunia. Hakutaka hata jina lake. "Mama, ile siku ya sanduku na bendera, we ulipakia samaki mu hii boti?"

"Nilipakia, ile ile siku," mama akajibu bila kusimama. "Wazee balipomaliza kushusha tu, sisi tukaingia."

"Boti ilioshwa?"

Mama akasimama sasa. Alimtazama Eddy, na gunia likabaki limening'inia mkononi mwake. Ziwa hili zima, kutoka Uvira mpaka Kalemie, kila mtu anajua hilo: boti ikibeba maiti haiguswi na samaki wala mtu mpaka ioshwe, ubao kwa ubao, na mwenye boti mwenyewe ndiye anaanza. Hakuna anayefundisha. Ni kama kuvua viatu mlangoni.

"We Eddy!" mama akapiga kelele. "Ulituwekea samaki juu ya muntu?"

"Hapana! Naapa! Mi siwezi kufanya hivyo!"

"Najua huwezi," Ketsia alisema. "Njo maana hukuosha. Ulijua hamna muntu ndani."

Kicheko cha Eddy kilikwisha. Alimvuta Ketsia pembeni, nyuma ya mitungi ya mafuta.

"Mi sijue ndani kulikuwa nini. Nilipakia kule Swima. Pale chini ya nyumba ya mama yake Isidore. Isidore aliniambia, Eddy, usiogope, haiko lufu, haina haja ya kuosha. Ni hivyo tu. Mi niliogopa juu ya boti yangu, sikufikiri juu ya ule mama."

Pikipiki ilimpeleka Swima ikipita Lusenda, kando ya kambi ya Warundi. Huko serikali ilijua la kufanya: watu wakivuka ziwa wanakimbia, kuna hema, kuna kisima, kuna mkubwa wa kusimama mbele ya kamera. Kwa mtoto wa hapa aliyeenda kufia kwenye theluji ya watu, nani aliwahi kuambiwa afanye nini? Ketsia aliwaza hivyo, lakini aliwaza bila uchungu, na bado alikuwa akitafuta bunduki ndani ya sanduku lile.

Mama yake Isidore aliitwa Suzanne. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akikata majani makavu kwa panga. Alivaa kitenge kuukuu kilichojaa madoa kutoka kiunoni mpaka chini. Madoa marefu, ya kahawia, karibu nyeusi.

Ketsia alisimama. Ah, jamani. Yeye, mtoto wa Kilembwe, aliyelelewa na ndizi, amezunguka na shati lile mchana kutwa! Mama yake mwenyewe alikuwa na gauni moja tu la shamba la ndizi, na ole wake mtoto aliyeingia kule na nguo ya shule. Utomvu wa mgomba unatoka kama maji. Unakupaka, unacheka, unaendelea na kazi. Kesho yake nguo imekwisha, na hakuna sabuni ya dunia hii itakayoitoa.

Alitembea katikati ya migomba akitazama chini. Mgomba ukishazaa hukatwa, na shina huachwa pale pale lioze, lilishe machipukizi yake. Mashina ya namna hiyo yalikuwa kila mahali. Kisha akakiona kisiki kimoja, karibu na njia, kilichokatwa chini kabisa, sawasawa, kwa msumeno. Shina lake halikuwepo. Na mkungu wake mchanga, ambao ulikuwa bado haujakomaa, ulikuwa umetupwa pembeni, umekauka. Nani anakata mgomba kabla ndizi zake hazijakomaa?

"Huyu alienda wapi, mama?"

Suzanne aliegemeza panga kwenye mti. Hakuonekana kushtuka. "Alienda Baraka," alisema. "Ku mazishi."

Akamshika Ketsia mkono, akampeleka upande wa pili wa nyumba. Palikuwa na kaburi dogo lililofagiliwa.

"Huyu ni Dany, mutoto wangu wa kwanza. Ziwa lilimukamata. Tulimutafuta, tukakosa hata kiatu. Basi bwana yangu alikata mugomba, urefu wa Dany, tukauvika shati yake, tukamuita jina, tukalia, tukazika. Sisi ba huku tunafanya hivyo. Muntu akipotea mu maji, hawezi kubaki anatembea tu. Isidore alikuwa mudogo. Alikuwa halali usiku. Siku ile tulizika, akalala."

"Na wa Élisée, alikatwa na nani?"

"Isidore mwenyewe. Alikuja hapa, analia. Alisema, mama, nimeandika, nimepiga simu, hakuna anajibu, wakubwa wananiambia nimalize ile mambo, na ule mama iko pale mlangoni kila siku. Nikamuambia, si unajua vile baba yako alifanya?" Suzanne akaokota jani moja kaburini. "Kuko ubaya?"

Ketsia alitamani kusema hapana. "Balikuwa bajue, mama? Ile familia?"

Mama mzee alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na mkono wake ukapanda mpaka mdomoni. "Hakuwaambia?"

Jua lilikuwa linaelekea milimani aliporudi Baraka. Isidore alikuwa bado bironi, peke yake, mlango wazi. Alipoona majani makavu ya mgomba yamenasa kwenye viatu vya Ketsia hakungoja kuulizwa.

"Unanifunga?"

"Kwanza utatembea na mimi."

"Inspekta, sikuiba kitu. Ndege haikukuwapo, sawa, nilidanganya. Bendera ilikuwa ya wakubwa, wao balifurahi, hakuna aliyeuliza. Lakini mi nilifanya kwa roho safi. Nililala miaka yote hii kwa sababu baba yangu alifanya vile kwa kaka yangu. Nilifikiri nao batalala."

"Baba yako alijua nini iko ndani ya sanduku," Ketsia alisema. "Wewe ulijua. Mama yako alijua. Mulikuwa munalia pamoja. Huyu umemuacha analia peke yake, juu ya mugomba."

Isidore alichukua koti lake, akaliacha tena kwenye kiti, akamfuata.

Mukankuranga alikuwa pale pale. Sebineza, mumewe, mzee mrefu mwenye fimbo, alisimama kwenye kizingiti na Umwiza nyuma yake. Ketsia alirudisha shati mapajani kwa Mukankuranga kwanza, kama alivyoahidi.

"Si damu, mama. Si yake, wala ya muntu."

Viganja havikusogea. "Ni nini?"

Ketsia alimtazama Isidore. Isidore alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mtu mzima na suruali yake ya kazi, akasema yote. Mgomba. Swima. Dany. Aliongea taratibu na hakujitetea. Sebineza aliinua fimbo yake kidogo kutoka chini, na Umwiza akamshika baba yake mkono. Mzee aliitazama ile fimbo muda mrefu, akairudisha chini, akatoka nje. Wakamsikia akikohoa uani.

"Mulimuvika nguo?" Mukankuranga aliuliza.

"Nguo zake hatukukuwa nazo, mama. Nilimuvika ya kwangu."

"Na jina, mulimuita?"

"Nilimuita. Nilisema, Élisée, mwana wa Sebineza, kuja upumuzike."

Mama alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa. Alilikunjua shati, akalitazama doa, akalipitisha kidole mara moja tu. Kisha akamrushia Umwiza.

"Mupatie bwana yako nguo yake," alisema. "Mupige sabuni."

"Haitatoka, mama," Umwiza akasema.

"Najua. Fula tu."

Akaweka mkono ukutani, akainuka. Aliinama, akaviringisha mkeka mwenyewe, akaufunga kwa kamba, akauweka juu ya mizigo mingine. Ketsia alingoja kilio. Alikingoja kwa hamu kabisa, kwa ajili yake mwenyewe pia. Hakikuja.

Asubuhi boti ya Kalemie ilipakia. Mukankuranga alikaa katikati, juu ya magunia, na Sebineza kando yake akiwa amelipa ziwa mgongo. Ketsia alikuwa amesimama majini mpaka kwenye vifundo. Isidore nyuma yake kwenye mchanga, kwa sababu Ketsia hakuwa bado amemwambia aende wapi. Injini ilipowaka, mama alimwita kwa mkono. Ketsia alisogea mpaka kwenye ubao wa boti.

"Mwanangu, ku lile kaburi baliandika jina yake."

"Ndiyo, mama. Ku musalaba."

"Uitoshe. Uitoe pale." Alishika ukingo wa boti karibu na mkono wa Ketsia. "Ule rafiki yake alisema tu ameanguka. Hakusema alimuona amezikwa. Kama siku moja anarudi, anakuja kututafuta hapa, anakuta jina yake mu makaburi, atafikiri tuliacha kumungoja. Uitoshe leo."

"Leo, mama."

Boti ilirudi nyuma, ikageuka. Mukankuranga hakupunga mkono. Ketsia alitoka majini, akavaa viatu na miguu ikiwa bado na mchanga.

Walienda makaburini wawili, yeye na Isidore, na bisibisi waliyoazima njiani. Ubao wa jina ulikuwa umefungwa vizuri kwenye msalaba, kazi ya serikali kwa mara moja ilikuwa nzuri, na parafujo ziligoma. Simu ya Ketsia ililia mfukoni. Ni Kamanda Néhémie, akitaka kujua ripoti imesemaje. Aliiacha ilie. Isidore alitoa parafujo ya mwisho, akaushika ubao kifuani, maandishi yakiwa ndani.

"Niweke wapi?" aliuliza.

"Ku mulango ya biro yako," Ketsia alisema. "Pale kwenye mama yake alikuwa anakaa. Na chini uandike: wameenda Kalemie."